Mwenye Simu Ashike Ufunguo Wake

Simu janja si kitu cha anasa tena katika ziwa hili. Mnunuzi wa dagaa aliyeko Mwaloni Kirumba huulizwa bei na mvuvi ambaye bado yuko kisiwani. Mwalimu wa Ukara hupokea barua za ofisi kwa simu, na mama wa Nansio hupokea fedha za mwanawe aliyeko Dar es Salaam bila ya kuvuka maji. Kwa hiyo ye yote anayewauzia wananchi chombo hiki anawauzia kitu kinachogusa riziki yao na, kwa watu wa majini, hata uhai wao. Ni haki basi kuuliza kinauzwa kwa masharti gani.

Twauliza kwa sababu sehemu ya simu hizo huuzwa zikiwa zimefungwa kufuli, na ufunguo haumo katika boksi. Kufuli tunalolisema si ile namba ya siri anayoiweka mwenye simu ili watoto wasimchezee. Ni kufuli lililowekwa na mtu mwingine: kampuni ya mtandao, ili simu isipokee laini ya mshindani wake, au mkopeshaji, ili aweze kuizima deni linapochelewa, au kiwanda chenyewe, ili mnunuzi asiweze kuondoa mfumo uliomo na kuweka mwingine aupendao. Rai yetu ni kwamba mwananchi anunue simu anayoweza kuifungua na kuigeuza kwa hiari yake, na kwamba Serikali imwezeshe kuitambua simu hiyo kabla hajatoa fedha yake.

Tuanze na kufuli la mtandao, ambalo mtu wa mjini huenda asilione kuwa na uzito mkubwa. Ziwa letu lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na Wilaya ya Ukerewe peke yake ina visiwa 38, achilia mbali visiwa vya Sengerema, Buchosa na Muleba. Mawasiliano hayakuenea sawasawa katika eneo kama hilo. Kisiwa hiki hupata mnara wa kampuni hii, kile hupata wa kampuni ile, na pengine upande mmoja wa kilima husikika huku upande wa pili kukiwa kimya. Na mvuvi si mkulima wa kahawa aliyepanda miti yake mahali pamoja. Huwafuata samaki. Mwezi huu yuko Kome, mwezi ujao yuko Goziba, na laini anayoitumia hubadilika kwa kadiri ya kambi anayolala. Simu yake ikiwa imefungwa kwa mtandao mmoja, akifika penye mnara wa kampuni nyingine chombo alichokinunua kwa jasho huwa kioo cha kujitazamia.

Serikali ililiona jambo hili zamani kwa upande mmoja. Tangu Machi 2017 mwananchi anaweza kuhama kutoka kampuni moja ya simu kwenda nyingine huku akibaki na namba yake ile ile. Ilikuwa hatua ya busara. Lakini haki ya kuhama na namba ni nusu ya haki ikiwa chombo chenyewe hakiruhusiwi kuhama. Tena Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku ili minara ijengwe mahali ambapo kampuni peke yake zisingeona faida. Fedha ya umma ikisaidia kusimamisha mnara kisiwani, kisha mwananchi wa kisiwa hicho hawezi kuutumia kwa sababu simu yake imefungwa na mtu wa mbali, basi fedha hiyo haikumfikia.

Wala hatuombi jambo la ajabu. Kanada ilipiga marufuku kuuza simu zilizofungwa kwa mtandao mmoja kuanzia 1 Desemba 2017. Uingereza ilifuata tarehe 17 Desemba 2021. Huko Marekani, baada ya malalamiko mengi ya walaji, Rais Obama alitia saini Agosti 2014 sheria ya kumruhusu mwenye simu kuifungua ili ahamie mtandao mwingine. Hizi si nchi zenye chuki na biashara.

Kufuli la pili ndilo linalotusumbua zaidi, nalo ni la mkopo.

Tunaelewa kwa nini mikopo ya simu imependwa. Mtu hawezi kutoa shilingi laki tatu au nne kwa mkupuo mmoja, lakini aweza kutoa kidogo kidogo. Nchini Kenya mpango wa aina hiyo ulianzishwa mwaka 2020 na Safaricom pamoja na Google, kwa malipo ya shilingi 20 za Kenya kwa siku, na mikopo ya namna hiyo imeshika mizizi hata kwetu. Ndani ya simu huwekwa programu ambayo mnunuzi hawezi kuifuta. Siku za malipo zikipita, programu hiyo huifunga simu, na mara nyingi hubakiza wito wa dharura na njia ya kulipa deni basi. Mkopeshaji naye ana haki zake. Fedha iliyomo ni yake mpaka shilingi ya mwisho irudi, na wadeni wasiotaka kulipa hawakosekani. Hatumtetei mtu wa namna hiyo.

Lakini hesabu ya mikataba hii imetungwa na watu wanaodhani kwamba kila mtu hupata fedha kila siku. Mvuvi wa dagaa hapati. Dagaa huvuliwa gizani kwa kuvutwa na taa. Mwezi unapokuwa mpevu taa hiyo haina nguvu, mitumbwi hupandishwa mchangani na watu hushona nyavu. Kila mwezi zipo siku kadhaa za namna hiyo, na hata mtoto wa mwaloni anazijua. Mkataba wa simu hauzijui. Unahesabu siku za mbalamwezi sawa na siku za giza, na simu hufungwa wakati ule ule ambapo mvuvi hana mapato na anahitaji kupiga simu Kirumba kuuliza nani bado anadaiwa dagaa za wiki iliyopita. Amezibwa mdomo, kisha anadaiwa fedha ambayo angeipata kwa kusema.

Simu, kinyume cha redio au kitanda, ndimo zilimo fedha za mtu, namba za wateja wake, picha za stakabadhi zake na sauti za wanawe. Ndimo pia anamopokea taarifa za hali ya hewa ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa huwatolea watumiaji wa Ziwa Victoria, na hapa hatuandiki kwa ajili ya kutisha. Watu waliozika ndugu zao baada ya MV Bukoba, Mei 1996, na baada ya MV Nyerere kuzama karibu na Ukara, Septemba 2018, hawahitaji kuelezwa na gazeti kwa nini mawasiliano ya mtu aliye majini yasikatwe kwa ajili ya deni la siku nne.

Mkopeshaji akitaka kuweka kufuli, na aliweke, lakini liwe na mipaka. Lizuie michezo, sinema na kamera akipenda. Lisizuie kupiga na kupokea simu, ujumbe mfupi, wala menyu ya fedha. Tarehe za malipo ziafikiane na kazi ya mkopaji, kama vyama vya ushirika vilivyosubiri msimu wa pamba ndipo vidai mikopo ya pembejeo. Na siku deni linapokwisha, kufuli liondoke lote, pamoja na programu yake, kwa njia ya mtandao, bila ya mtu kutakiwa kupanda chombo mpaka Mwanza na kulala gesti ili afunguliwe mali ambayo sasa ni yake. Nauli ya safari hiyo hakuna mkataba unaoitaja.

Yapo pia mambo ya faragha. Programu yenye uwezo wa kuifunga simu kutoka mbali ina uwezo mkubwa ndani ya simu hiyo. Inaona nini? Inampelekea nani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeunda Tume ya kuuliza maswali ya namna hii, nasi twaiomba iyaulize.

Kufuli la kiwanda hujulikana zaidi na mafundi, lakini ndilo linaloamua simu itaishi miaka mingapi. Simu nyingi zinazouzwa Mwanza, ziwe Tecno, Infinix, itel au Samsung, hutumia mfumo wa Android uliotoka mwaka 2008. Kiini cha mfumo huo ni Linux, kazi ya watu wengi iliyotolewa kwa leseni inayomruhusu kila mtu kuisoma, kuibadili na kuigawa. Mtu angetazamia basi kwamba simu iliyojengwa juu ya kazi huru ingekuwa huru. Sivyo. Kiwanda huweza kufunga mlango ule wa kwanza kabisa unaofunguka simu inapowashwa, na mlango huo ukifungwa hakuna mfumo mwingine unaoweza kuingia.

Matokeo yake yanaonekana mialoni. Simu ina kioo kizima, inapiga, inapokea, lakini kiwanda kimeacha kuiletea mfumo mpya. Kisha programu zinaanza kuikataa: WhatsApp, kwa mfano, ilitangaza kwamba kuanzia 24 Oktoba 2023 haitafanya kazi katika simu zenye Android ya chini ya toleo la 5. Chombo hakikuharibika, kimetengwa. Mwenye simu inayofunguka ana njia. Wako watu wa kujitolea duniani, kama wale wa LineageOS iliyoanza mwaka 2016, wanaotengeneza mifumo mipya kwa ajili ya simu zilizoachwa na viwanda vyake, na fundi mwenye kompyuta na waya aweza kuiweka. Aweza pia kuondoa zile programu zilizokuja na simu bila ya kuombwa, ambazo hula bando na chaji mchana kutwa. Kwa mtu anayechaji kwa paneli ndogo ya jua, kuondoa mzigo huo ni kupata saa za taa.

Viwanda havifanani katika jambo hili. Google huiacha simu yake ya Pixel ifunguliwe na mnunuzi, isipokuwa zile zilizouzwa kwa masharti ya kampuni ya mtandao. Fairphone ya Uholanzi imejenga jina lake kwa simu ambazo mtu hufungua mgongo kwa mkono na kubadili betri. Huawei, kwa upande wake, iliacha mwaka 2018 kuwapa wanunuzi namba za kufungulia. Wengine huruhusu kwa toleo moja na kukataza kwa jingine, kwa hiyo jina la kiwanda peke yake halitoshi. Aulizwe fundi juu ya toleo lile lile unalokusudia kulinunua.

Tuseme na upande wa pili. Kufungua mlango huo hufuta kila kitu kilichomo katika simu, na asiyehifadhi picha zake kwanza atalia. Kiwanda huweza kukana dhamana. Baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi katika simu iliyofunguliwa. Na simu iliyofunguliwa ovyo na fundi asiye mwaminifu yaweza kuwekewa kitu cha kuiba siri. Haya ni ya kweli, na mtu ambaye simu yake inamtosha kama ilivyo hana haja ya kuigusa. Menyu za fedha za nyota na reli, hata hivyo, hufanya kazi katika simu ye yote, iwe ya tochi au ya kisasa, kwa hiyo mtu wa kisiwani asiogope kwamba akibadili mfumo atakosa pa kupokelea fedha. Tunachotaka ni kwamba uamuzi uwe wake.

Mwanza inapaswa kulielewa jambo hili kuliko miji mingi. Katikati ya mji wetu pako mahali paitwapo Makoroboi, palipopata jina kwa mafundi waliogeuza makopo na vipande vya bati kuwa taa za mafuta ya taa. Koroboi halikuwa na siri. Aliyelinunua aliweza kulifungua, kubadili utambi, kuziba tundu, na likimshinda, jirani aliliweza. Karabai ya mvuvi nayo ilitengenezwa mchangani kwa koleo na subira. Hatusemi turudi kwenye koroboi, ambalo lilitoa moshi na kuchoma nyumba za watu. Twasema tu kwamba vijana wanaotengeneza simu leo kandokando ya mitaa yetu ni warithi wa mafundi wale, wanajua kazi, nao wanazuiwa na kufuli ambalo si la kulinda mtu ye yote ila faida ya aliyeliweka.

Hapa yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa, hata na askari. Kila simu ina namba tambulishi yake, ile inayotokea ukibonyeza *#06#. Kuibadili namba hiyo ni kosa kisheria, na ni haki iwe hivyo, maana ndiyo inayosaidia kuikamata simu iliyoibwa. Kufungua kufuli la mtandao, au kuweka mfumo mwingine, hakuigusi namba hiyo hata kidogo. Fundi anayemfungulia mtu simu yake mwenyewe, yenye risiti, asihesabiwe pamoja na fundi anayewasafishia wezi. Mamlaka ya Mawasiliano ingewafanyia watu hisani kubwa kwa kutamka hivyo waziwazi, kwa Kiswahili, ili fundi asifanye kazi halali kwa kujificha kama mwizi.

Kwamba Mamlaka yaweza kuwafundisha watu, tumekwisha kuona. Usiku wa 16 Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchini kote, na kabla ya siku hiyo karibu kila mtu, kuanzia mjini hadi kambini, alikuwa amefundishwa kubonyeza *#06# na kuituma namba kwenda 15090 ili ajue simu yake ni halisi. Kampeni ile ilimfikia mtu ambaye hajawahi kuingia ofisi ya Serikali. Juhudi kama hiyo na itumike kumfundisha mnunuzi kuuliza: simu hii ina kufuli gani, la nani, na litaondoka lini? Na muuzaji ashurutishwe kuliandika jibu juu ya boksi na katika mkataba, kwa herufi zinazosomeka. Tume ya Ushindani, yenye kazi ya kumlinda mlaji, na Benki Kuu, inayosimamia mikopo midogo kwa sheria ya mwaka 2018, zikae na Mamlaka ya Mawasiliano katika meza moja juu ya simu za mkopo, maana sasa kila mmoja aweza kudhani kwamba jambo hili ni la mwenzake.

Halmashauri nazo zina la kufanya bila ya kungoja Dodoma. Zinanunua simu na vishikwambi kwa ajili ya watendaji, waganga na walimu. Baada ya Sensa ya Agosti 2022 vishikwambi vilivyohesabia watu vilikabidhiwa walimu wakavitumie mashuleni. Kifaa kilichonunuliwa kwa kazi moja kikapewa kazi ya pili, jambo ambalo haliwezekani ila kwa mwenye ufunguo. Basi kila zabuni ya vifaa hivi iwe na sharti hilo: vije vimefunguliwa kwa mitandao yote, na namba za kufungulia mfumo zikabidhiwe Halmashauri pamoja na mali. Mganga wa zahanati ya Irugwa atumie mtandao unaosikika Irugwa, si ule uliompendeza mtu wa manunuzi.

Twakumbusha pia kwamba Umoja wa Ulaya umeweka kanuni, zilizoanza 20 Juni 2025, za kuwataka watengenezaji wa simu kuweka vipuri kwa miaka saba na kuleta mifumo mipya kwa miaka mitano baada ya toleo kuacha kuuzwa. Betri zinazobadilishwa na mtumiaji mwenyewe zimewekewa tarehe ya 18 Februari 2027. Simu zisizofaa kwa soko hilo zitatafuta soko lingine. Maofisa wetu wa viwango na biashara wanajua vema soko hilo aghalabu huwa ni lipi.

Wakati hayo yakingojewa, msomaji anayekuja mjini kununua simu afanye hivi. Aje na laini mbili za mitandao tofauti, na zote mbili azijaribu mle mle dukani kwa kupiga na kupokea. Abonyeze *#06# na kuilinganisha namba na ile iliyo kwenye boksi na kwenye risiti. Kisha aingie kwenye mipangilio, pale penye habari za simu, aguse namba ya toleo la mfumo mara saba. Itafunguka orodha ya wasanidi, na humo atazame kama ruhusa ya kufungua mlango wa kiwanda imo au haimo. Ikiwa ni simu ya mkopo, adai iandikwe katika mkataba siku ambayo programu ya kufunga itaondolewa, na nani atalipa gharama asipoondolewa. Shughuli yote hii haizidi robo saa. Muuzaji akikataa laini ya pili isijaribiwe, fedha irudi mfukoni. Duka la pili haliko mbali.